Kilio Mbele ya Ukuta wa Manjano

Sidi alikuwa juu ya paa huko Chaani, kamera yake ikitazama ua wa nyumba ya pili. Filamu zake nne za vichekesho alizipiga hivyo hivyo: kamera haisogei wala haimkaribii mtu, watu wote wadogo mbele ya ukuta wa manjano. "Sura ziko wapi?" watu wa runinga walimuuliza. Hii ya tano wakiikataa, basi, anarudi kwenye cherehani.

Uani, mwigizaji wake Baya alilala kwenye jeneza la kuazima, pamba puani na masikioni, waombolezaji wa kuigiza wakigombania jeneza litoke kwa mlango gani.

Ghafla akaingia mwanamke mbio, leso kiunoni, kuni kichwani. Akazitupa, akaliangukia jeneza.

"Baya wee! Umeniacha na nani, mwanangu?"

"Huyu anajua kulia!" Kefa, mshika kamera, akanong'ona.

Sidi akamtambua. Nyamvula, shangazi aliyemlea Baya. Kamera ilikuwa mbali mno, haikuonekana; majirani wameona jeneza tu, wakapeleka habari ya msiba. Na wanawake wengine hao, wanaingia na masufuria ya matanga. Baya, na pamba zake, hasikii kitu. Aliambiwa ataangukiwa, asitikisike.

"Dada Sidi, iache iende. Hutaipata tena hii."

Ni kweli, asingeipata. Lakini Nyamvula alishika kifua, sauti ikamkauka. Sidi akashuka ngazi mbili mbili, akaingia mbele ya kamera yake mwenyewe.

"Mama, yu hai! Tunaigiza!"

Akazing'oa pamba. Baya akainuka kitako. Masufuria yakaanguka, mwanamke mmoja akaruka uzio. Nyamvula akamzaba Baya kofi, kisha akamkumbatia.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

"Na kilio changu mmekichukua?"

Kefa, aliyeshuka na kamera, akainamisha kichwa. "Chote."

"Kifuteni. Nilikuwa namlilia mwanangu."

Sidi akakitazama mara moja kwenye kioo cha kamera: ua mzima umesimama, mwanamke mdogo mbele ya manjano. Nani angekataa? Akafuta.

Nyamvula akaketi juu ya kuni zake.

"Sasa utawaonyesha nini?"

"Sijui, mama."

"Ngoja nivute pumzi. Halafu unionyeshe pa kusimama."