Utepe wa Kulungu Kiunoni kwa Saimi

Yote yalianzia kwenye utepe. Msimu huu chama cha wafugaji hapa kijijini Lehtoniva, huku kaskazini kabisa, kilinunua utepe wa kung'aa, wa rangi ya machungwa, wa kuwavisha kulungu shingoni ili madereva wawaone gizani. Kulungu wetu wa kufuga, na pembe zao kama matawi makavu, wanapenda kusimama barabarani kulamba chumvi, na kila Desemba wanagongwa. Basi utepe ukabaki, na sisi huku kitu kikibaki hakitupwi. Shemeji Olavi akauleta nyumbani, na mke wake, dada Saimi, akaushona kwenye mkanda wake wa kukimbilia. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia amejivika kama mifugo ya mumewe. Akanijibu kwamba afadhali, maana mifugo mumewe huihesabu kila jioni.

Saimi ni binti wa mama mkubwa. Ana miaka thelathini na nane, anafanya kazi nyumba ya wazee, na kila Jumanne akitoka kazini anakimbia kilomita tisa, inyeshe theluji au isinyeshe. Mimi nasoma ualimu mjini Rovaniemi, nimekuja likizo, na Jumanne hii nikajialika. Ndiyo Jumanne ninayoisimulia, na naisimulia kwa kila mtu, mama ameshaniomba nipumzike.

Nilikuja na taa yangu ya kichwani, jamani, taa niliyoitafuta vuli nzima. Nimesoma kila kilichoandikwa. Inamulika pana kwa karibu na mbali kwa mstari, na betri yake inakaa tumboni ndani ya koti ili isipoe, waya unapita mgongoni. Saimi yeye ana kitaa cha kununua kituo cha mafuta, betri iko palepale usoni. Kipimo cha ukutani kilisema ishirini na sita chini ya sifuri. Nikamwonya kwamba baridi hiyo itakiua kitaa chake kabla hatujafika darajani. Akasema kitaa chake kimeshazika taa tatu za wanachuo.

Tulitoka saa kumi jioni. Jua hatujaliona tangu wiki iliyopita, huku majira haya halichomozi, kwa hiyo saa kumi au saa sita za usiku ni kiza kilekile. Yeye mbele, mimi nyuma, taa yangu nimeiwasha kwa nguvu zote kwa sababu, kusema kweli, nilikuwa najionyesha. Tulipofika msituni akageuka.

"Mwalimu, taa yako inanitupia kivuli changu miguuni. Nakanyaga nisichokiona. Pita mbele au kaa mbali."

Ningepita mbele tu. Lakini nilikuwa nimeshaishiwa pumzi na sikutaka ajue, kwa hiyo nikakaa mbali. Theluji ilianza kudondoka kidogokidogo. Yeye akawa mstari wa rangi ya machungwa unaoruka juu chini, juu chini, mita hamsini mbele yangu, na mimi nikaufuata ule mstari huku nikifikiria chai.

Mstari ukakata kushoto, ukaingia njia ya pikipiki za theluji. Nikajua anatafuta njia fupi ya mtoni. Nikakata kushoto na mimi. Nilimwita nikimwambia apunguze mwendo, hakujibu, nikaona amenuna. Nilikimbia kama dakika kumi. Kisha mstari ukasimama, nikafurahi, na mstari ukageuka, na juu yake yakawaka macho mawili ya kijani.

Kulungu yule alinitazama, akapumua moshi, akaondoka zake kati ya misonobari, na mimi nikabaki nimesimama peke yangu nikijiuliza tangu lini. Tangu lini nilikuwa namfuata huyu, na Saimi yuko wapi.

Nikatoa simu. Ilikuwa imezima, kama zinavyozima simu zote katika baridi hiyo. Na taa yangu, taa ya vuli nzima, ikapepesa mara tatu. Ndivyo inavyokwambia betri inakwisha, na mimi ndiye niliyeichoma kwa mbwembwe. Niliipunguza, nikaanza kurudi kwa kufuata nyayo zangu. Theluji ilikuwa imezidi, na taa ikiwa kwenye paji la uso inamulika kila chembe inayodondoka, unaona pazia jeupe tu. Niliivua nikaishika kiunoni. Hapo ardhi ikaonekana, na nyayo, nusu zimeshafukiwa.

Penye njia panda niliona nyayo za Saimi zikienda moja kwa moja barabarani. Hakukata kushoto kamwe. Nilizifuata, nikipiga hesabu ambayo sikuitaka: mtu aliyelowa jasho, koti jepesi, ishirini na sita chini ya sifuri, kama amesimama tu anadumu dakika ngapi. Kwenye kona ya pili nyayo ziliishia. Barabara nzima ilikuwa imekanyagwa kwato. Kundi lilikuwa limevuka hapo na kushuka bondeni, penye uwanja wa miti iliyokatwa, na ukingo wa barabara ulikuwa umebomoka kama mtu ameteleza.

Niliita. Theluji inameza sauti, hata mimi mwenyewe nilijisikia kama naitupa mtoni. Nilimulika kutoka kiunoni, nikaona weusi. Ndipo nikakumbuka kwamba riflekta, yaani utepe ule wa kung'aa, haina mwanga wake. Inarudisha mwanga kule ulikotoka, na jicho lazima liwe karibu na taa. Nikaipandisha taa hadi ubavuni mwa jicho, sikuona tena ninapokanyaga, nikatazama bonde.

Yaani bonde lote liliwaka. Vimulimuli vya machungwa thelathini, labda arobaini, vyote vya kimo kimoja, vyote vya utepe uleule. Vingine vilitembea, vingine vimelala. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa dada yangu.

Njia ilikuwa moja, kuwafukuza kulungu, kitakachobaki ndiye yeye. Lakini mkono wangu ulikataa kupiga kofi. Nilikuwa naogopa vyote vingeondoka, na bonde lingebaki jeusi, na ningekuwa nimejua kwamba hayupo. Taa ikapepesa tena. Nikapiga makofi, nikapiga ukelele ambao sijui niliutoa wapi. Bonde likasogea. Vimulimuli vilitiririka kuelekea mtoni, kwato zikiparuza, hadi vikabaki viwili. Kimoja kikainuka polepole, kizee, kikawafuata wenzake.

Kimoja hakikuinuka.

Nilishuka kwa makalio. Saimi alikuwa ameegemea kisiki. Kundi lilimtokea ghafla kwenye kona, akalikwepa, akateleza, na kifundo cha mguu kilitazama upande ambao vifundo havitazami. Kitaa chake kilikufa alipoanguka. Alikuwa ameniita mpaka sauti ikaisha. Ila kilichoniogopesha ni kwamba alikuwa ameacha kutetemeka, na alikuwa anatabasamu, ndivyo mwili unavyofanya baridi ikishaushinda.

Nilijaribu kumwinua. Mteremko ule na mtu asiyejiweza, tulipanda hatua mbili tukarudi tatu. Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu kilomita mbili. Nilimvika koti langu juu ya lake, nikaitia betri tumboni kwake, na taa nikaifunga juu ya kisiki ikitazama barabara, nikaiweka kwenye mwanga wa kupepesa, ambao unakula betri kidogo. Akanishika mkono.

"Chukua taa, mwalimu. Utaanguka na wewe."

"Mimi nitagonga mlango wa watu. Wewe utagonga nini?"

Nikapanda, nikakimbia.

Sikuwahi kukimbia bila taa. Unajua barabara kwa nyayo: katikati ni ngumu, pembeni laini, ukizama unarudi. Kulungu wakitembea vifundo vyao vinatoa mlio, tik, tik, na mlio huo ulikuwa pande zote mbili, karibu, na sikumwona hata mmoja. Baridi iliingia mbavuni kama imealikwa. Niliomba kwa sauti, nikamwambia Mungu kila kitu, hata mambo ya mtihani.

Kisha mwanga mbele. Lori la magogo, linatoka kijijini, linakuja upande wangu. Nikasimama katikati nikapunga mikono, nikicheka nadhani, mpaka nikagundua halipunguzi. Fulana yangu nyeusi. Suruali nyeusi. Utepe wangu wote wa riflekta uko kwenye koti, na koti liko bondeni. Nilijitupa pembeni, na gurudumu likapita mahali nilipokuwa, na upepo wake ukanifukia theluji masikioni. Halikusimama. Nililala pale nikitazama taa zake nyekundu zikipungua, na nikamwona Saimi amekufa, kabisa, nimemvika na nguo za jeneza.

Kwenye kona, taa nyekundu ziliwaka zaidi. Breki zikalia. Taa zikakaa palepale.

Dereva alikuwa ameona kitu kinapepesa chini bondeni. Nilipofika nikiwa natambaa zaidi ya kukimbia, alikuwa ameshamfunga kamba na anampandisha, mzee mnene anaitwa Tauno, anamsemesha Saimi kama anavyosemeshwa mtoto asilale. Tulimweka kwenye kiti cha lori, kipasha joto kimefunguliwa mpaka mwisho, na baada ya muda akaanza kutetemeka, na sijawahi kupenda meno ya mtu yanayogongana kama yale.

Sasa yuko hospitali Rovaniemi. Mguu wameuunga. Vidole viwili vilivyoganda, daktari anasema tungoje tuone, na anaposema hivyo hamtazami usoni.

Tauno alikuja jana kutuona. Aliniuliza nilitokea wapi siku ile, maana barabarani hakukuwa na mtu. Nikamwambia nilikuwa mbele ya lori lake, katikati, nikipunga. Akaniuliza mahali gani. Nikamwambia, kabla ya nguzo ya daraja. Aliinua kikombe cha kahawa, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Sikukuona, binti," alisema. "Sikuona kitu chochote."