Kiti Kisicho na Miguu ya Nyuma

Kile kiti hakitakiwi kuwa na miguu ya nyuma! Ndio uzuri wake wote. Wazungu walikibuni kama miaka mia iliyopita: bomba la chuma linapindwa, linalala sakafuni, linapanda mbele, linabeba makalio, linageuka mgongo, basi. Ukikaa, nyuma yako chini ni hewa tupu, na kinanesa. Ukitaka cha asili, utauza shamba. Sisi tungekiiga hapahapa Junda kwa bei ya mtu wa kawaida, na Mwende alivitaka vya mkahawa wake mzima kule Shelly Beach. Ila aone kimoja kwanza. Oda yangu ya kwanza maishani, haki ya Mungu!

Picha nilimtumia kaka yangu Karisa, fundi wa kuchomelea. Bomba nene nililitafuta mwenyewe mpaka Changamwe, nikalileta kwa tuktuk limetokeza nje kama mkuki.

Siku ya kuonyesha, Mwende akafika, Karisa akafunua gunia.

Miguu minne.

"Hii si ni kiti ya kanisa?" Mwende akaniangalia. "Lavender, mbona unanichezea?"

"Ni usalama huo, mama," Karisa akadakia. "Mgeni akianguka mkahawani kwako, nani atalaumiwa? Hiyo miguu nimekuongezea bure."

"Kwani niliitisha miguu? Kesho mchana. Kama kiti yangu haiko, natafuta fundi mwingine."

Alipoondoka tu nikamgeukia kaka yangu. "Kata! Shika grenda ukate hiyo miguu sasa hivi!"

"Dada, punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Kata!"

Hakuigusa grenda. Nikakinyanyua kile kiti mwenyewe. Chepesi! Bomba lenyewe jembamba, la kuanikia nguo. Bila miguu ya nyuma kingelala chini kama mgomba uliokatwa. Kumbe ile miguu haikuwa huruma. Ilikuwa ya kuficha.

"Bomba langu liko wapi?"

Anajifuta mikono kwenye suruali.

"Karisa! Liko wapi?"

"Geti la Mama Dhahabu lilikuwa limeoza," akasema polepole. "Mama mkwe akikuomba kitu utamwambia nini? Nikaona, aah, kiti ni kiti tu."

Kiti ni kiti tu! Niliona giza.

"Twende tukaling'oe."

"Geti la mkwe? Umerogwa? Mimi hata kula mbele yake sijawahi!"

Nikajitwika kiti kichwani, mimi huyo mpaka kwa Mama Dhahabu. Geti nililiona toka mbali, rangi ya samawati, bomba langu limezunguka fremu nzima, pembe za mviringo safi kabisa. Kupinda anajua, mshenzi! Nikapiga picha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeliona geti? Mkwe wangu huyo! Mwizi akilipiga teke, anavunjika yeye."

Roho ilitaka ninyamaze. Mdomo ukakataa. "Mama, chuma hicho ni changu. Karisa alikichukua bila kuniambia." Nikamfungulia simu, nikamwonyesha kiti kinavyotakiwa kuwa, nikaeleza mpaka mate yakanikauka.

Akaligeukia geti, akalitazama upya.

"Nimejisifu mtaa mzima," akasema. "Kumbe nasifia kitu cha wizi." Akasimama. "Mpigie. Aje alitoe yeye mwenyewe, mimi nikimtazama."

Karisa alikuja kichwa chini kama anayetafuta sindano mchangani. Shikamoo yake hata sikuisikia. Akawasha grenda, cheche zikaruka, watoto wa jirani wakajaa. Geti likalala chini, uwanja ukabaki wazi mpaka barabarani.

Mama Dhahabu akakivuta kile kiti cha miguu minne, akakiweka katikati ya pengo, akakaa.

"Basi leo askari ni mimi," akasema, akijiegemeza. "Na hiki, kusema kweli, kimetulia."

Nikamwona Karisa anaanza kutabasamu.

"Usicheke," nikamwambia, simu juu, narekodi. "Una mpaka kesho mchana. Beba chuma changu ukapinde!"