Taulo Jekundu Mlangoni

"Dada, taulo umeliona?" Filimbi akamwuliza fundi cherehani.

"Nimeliona. Hata kipofu wa nyumba hii analiona."

"Basi hicho cherehani kinanyamaza saa ngapi?"

"Kikichoka."

Sisi wapangaji wengine tukatoka, mmoja na sufuria, mwingine na mswaki mdomoni, maana ugomvi wa bure ukiupita unajidhulumu. Kuta zetu nyembamba. Filimbi, tuliyempa jina la ala anayopuliza, akitundika taulo jekundu mlangoni kwake, tunajua anarekodi: redio zinazimwa, watoto wanafukuzwa nje, mwenye kikohozi anakimeza. Hakuna aliyewahi kuvunja masharti hayo ila fundi cherehani, wiki hiyo nzima.

"Dada yangu, wenye filamu wanataka muziki wao leo jioni," Filimbi akasema, sauti imeshuka. "Nisipoupeleka, kazi anapewa mwingine. Ni ile filamu niliyowaambia, ya watu wanaovuka jangwa. Wanataka kitu laini, mtazamaji atulie."

"Atulie." Mguu wa fundi haukuacha kukanyaga. "Jangwa la nani hilo, la kubembelezea watu kama watoto wachanga?"

Nikachungulia. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Alikuwa anashona hewa, ili tu asiusikie ule wimbo.

Sote tulijua sababu. Filimbi, aliyehamia miezi michache tu iliyopita, ndiye hakujua. Kijana wa fundi alipanda lori la kuvuka jangwa kwenda kutafuta maisha. Alipiga simu mara moja, kisha kimya mpaka leo. Suruali aliyokuwa akishonewa na mama yake bado imekunjwa juu ya stuli, haina pindo, na hakuna mteja anayethubutu kuikalia stuli ile.

Mdomo wangu hauna kufuli. Nikamnong'oneza Filimbi yote. Akasimama kama aliyemwagiwa maji, kisha akamwuliza fundi taratibu, "Alipopiga simu, alisema kukoje huko?"

"Alisema lori likizimika, hakuna anayesema neno. Kila mtu anatunza mate yake."

Filimbi akarudi ndani. Tukatega masikio. Ule wimbo mtamu ukaanza, ukafika katikati, ukakatika. Kimya kirefu, hata tukadhani ameacha. Halafu ikatoka sauti moja kavu, basi. Cherehani nacho kilikuwa kimenyamaza.

Jioni Filimbi alirudi kutoka kwa wenye filamu, kibegi chake begani.

"Wamesema kile kimya kinawatia watu hofu. Wakaniambia nikitoe, nikakataa. Kazi wamempa mwingine."

"Ungekitoa tu, ndugu yangu," akasema yule wa mswaki. "Kimya hakiliwi."

Fundi alikuwa anapakua chakula. Akaweka mwiko chini, akaiondoa suruali juu ya stuli, akaitundika begani mwake, akaifuta stuli vumbi kwa kiganja.

"Usimsikilize huyo, kaka," akasema. "Ingia ule."