Koni ya Kushoto

Alhamisi asubuhi, Sindano alikuwa anakata kola ya shati la sare pale mlango ulipogongwa mara tatu, polepole, kama mtu anayehesabu. Alipofungua alimkuta bibi mfupi kizingitini, amekumbatia gurudumu la baiskeli lililofungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga. Kwenye paji la uso alikuwa amepandisha kile kioo cha kukuzia wanachovaa mafundi saa, na ilionekana wazi kwamba amesahau kukivua.

"Hodi, mwanangu. Samahani kwa kukuvamia. Ndipo hapa kwa yule mshonaji mwenye makopo?"

"Makopo gani, mama?"

"Ya vyuma vya baiskeli. Nimeambiwa yako arobaini na mbili."

"Arobaini na tatu!" sauti ya mwanamume ikadakia kutoka ndani. "Ila la mwisho lina chumvi. Alikosea rafu siku hiyo, tukala maharage yenye gololi."

"Usimsikilize, mama. Huyo ni shemeji yangu. Karibu ndani."

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa mwandika mabango. Kila asubuhi alipitia pale kunywa chai kabla ya kazi. Wenzao wa baiskeli walimwita Friwili, kwa sababu akishaanza kusema huzunguka mwenyewe hata usipokanyaga. Na Sindano naye jina lake hilo alipewa na haohao, kwa wembamba wake na kwa kazi yake.

Bibi aliingia akasimama katikati ya chumba, akageuka taratibu. Upande wa dirishani kulikuwa na cherehani, vitambaa na pasi. Upande wa pili baiskeli nyeusi ilining'inia kwa kamba mbili toka darini. Ukutani kila spana ilikuwa na msumari wake, na kuizunguka umbo lake limechorwa kwa chaki ya kushonea, kiasi kwamba spana ikikosekana ungeiona nafasi yake kabla hujaitafuta. Mafuta yalikuwa chupa moja tu, ya cherehani, yakihudumia pande zote mbili.

"Nani kapanga hivi?" bibi aliuliza.

"Mimi."

"Vizuri," alisema bibi, na kwa jinsi alivyolitamka neno hilo, Sindano alijiona amepewa cheti.

Shida yake aliieleza akiwa amekwisha kukaa. Alikuwa fundi saa, na kwa miaka mingi alizungukia shule, zahanati na ofisi kuzitia ufunguo saa za ukutani na kuzirekebisha. Baiskeli ndiyo ilikuwa miguu yake. Sasa koni ya kushoto ya gurudumu la nyuma, yaani kile kichuma kidogo kinachobana gololi kwenye ekseli, ilikuwa imelika. Madukani aliambiwa habu za namna ile, yaani vile vitovu vya gurudumu, zilikwisha kutengenezwa siku nyingi, anunue gurudumu jipya, ambalo halikuingia kwenye fremu yake.

"Jumatatu mitihani inaanza shule tatu," alisema. "Jumapili lazima nizipitie zote. Mtoto hawezi kufanya mtihani na saa inayochelewa dakika saba. Kwa miguu, nitafika mbili tu."

Sindano aliichukua habu akaitazama, kisha akacheka. "Mama, unajua ni ya aina gani hii? Ni sawasawa na ya kwangu ile pale juu. Na Jumamosi kuna mtu ananiletea koni yake ya kushoto. Tumekubaliana nimpe kiti. Nilitaka iwe ya akiba tu, yangu ni nzima. Nitakuletea mwenyewe kabla ya jua kuzama. Ni yako."

Friwili aliweka kikombe chini.

Maana katika kundi lao hapakuwa na neno zito kuliko hilo la "ni yako". Walikuwa watu kumi na wanne: mwoka mikate, mwalimu, wauguzi wawili, na wengine wa kila namna. Kila Jumamosi walikutana nyuma ya ghala la mbao, wakatandaza magazeti chini na kupanga vyuma vyao. Fedha haikuruhusiwa. Ilikuwa kitu kwa kitu: pedali kwa breki, mnyororo kwa kiti. Hakuna aliyeandika popote. Mtu akishasema kitu hiki ni cha fulani, kimekwisha kuwa cha fulani, hata kama bado kiko mfukoni mwake. Mmoja aliwahi kurudi nyuma kwenye neno lake kwa ajili ya taa ya mbele, na mpaka leo akija hutafutiwa gazeti la pembeni.

"Na mimi nikupe nini?" bibi aliuliza.

"Hilo gurudumu langu la nyuma linayumba kidogo. Nimelinyoosha wiki nzima, linanidhihaki."

Bibi alishusha kioo jichoni. Kwanza aliomba kipande cha kioo bapa na rula ya chuma. Alizimwaga gololi zake mwenyewe kwenye kioo, akalaza rula juu yake, akaigusa kwa ncha ya kidole. "Isipocheza, zote ziko sawa. Moja ikizidi hata unene wa unywele, hiyo ndiyo itabeba mzigo wa wenzake wote, na itaichimba koni mpaka iiue." Rula haikucheza. Alizikusanya, akazifunga.

Kisha akaligeukia gurudumu la Sindano. Hakukaza spoku hata moja kwa dakika kumi nzima. Alizidonoa tu kwa ukucha, moja baada ya nyingine, akisikiliza, akiweka alama ya chaki hapa na pale. Ndipo akachukua ufunguo wa spoku akaanza: robo duara hapa, nusu ya robo kule, anarudi nyuma kidogo, anasikiliza tena. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa uzee, lakini kwenye chuma havikusita. Sindano aliacha mkasi. Mteja alikuja kuulizia sare za wanawe akaambiwa arudi mchana. Alipomaliza, bibi alizungusha gurudumu, na rimu ikapita kati ya breki kama maji kwenye bomba, bila kugusa huku wala kule.

"Mungu wangu," alisema Friwili. "Bibi, nikuoe?"

"Umechelewa miaka hamsini, kijana. Na unaongea sana." Akainamisha sikio kwenye habu. "Mwanangu, humu ndani nasikia kitu. Niifungue?"

Uso wa Sindano ukaiva. "Hapana, mama. Nimeifunga mwenyewe mwezi uliopita. Grisi mpya, gololi safi. Itakuwa grisi tu haijakaa."

Bibi alimtazama kidogo, akaweka spana chini. "Sawa. Kazi ya mtu ni ya mtu."

Ijumaa, baada ya kukabidhi sare, Sindano aliishusha baiskeli nyeusi kwa mara ya kwanza tangu aitundike wiki iliyopita, baada ya kuipanda wiki tatu kila siku. Ilikuwa imemchukua miaka mitatu. Hapakuwa na kipande hata kimoja cha kununua, tangu fremu hadi kengele. Jumapili ilikuwa safari ya mwaka, kilomita sitini mpaka juu ya mlima na kurudi, na kwa miaka tisa ya kundi lile ni wawili tu waliowahi kuufikia mlima kwa baiskeli ya kubadilishana tupu. Mwanamke hakuwamo. Mume wake, muuguzi, alikuwa amewabembeleza wenzake wiki mbili ili abadilishe zamu, asimame kwenye kona ya mwisho amwone mkewe akipita.

Alizunguka mtaa mara moja. Mara ya pili akaisikia ile sauti. Ilikuwa kama mtu anayetafuna mchanga.

Aliifungua habu mezani pa kukatia. Grisi ilikuwa imegeuka kijivu. Alizifuta gololi, akazimwaga kwenye kioo, akalaza rula. Ikacheza. Akazipanga upya, ikacheza tena. Alikumbuka: mwezi uliopita zilipungua tatu, akaziongeza kutoka kopo jingine, zikalingana kwa macho, na macho yake aliyaamini kwa sababu hupima mshono kila siku. Hizo tatu ndizo zilizobeba mzigo wote. Koni ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imechimbika mashimo kama meno ya mtoto apendaye sukari.

Jumamosi mtu wa kiti alifika nyuma ya ghala kama alivyosema. Koni ilikuwa imefungwa kwa karatasi, moja tu, inang'aa. Sindano alimpa kiti, akaipokea, akawauliza wote kumi na watatu. Hakuna aliyekuwa na nyingine, wala aliyejua ilipo.

Friwili alimvuta kando. "Shemeji, sikiliza. Bibi mpe Jumatatu."

"Mitihani ni Jumatatu."

"Basi mwambie haikuja! Nani atajua?"

"Wewe unajua. Na wewe ukijua, kesho yake mji mzima unajua."

"Nafunga mdomo. Naapa."

"Umeshindwa kuufunga ukiwa unakula, utaweza hili?"

Friwili hakucheka. Alimshika bega, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisema polepole. "Chukua gurudumu langu basi. Mimi nitakaa nyumbani."

Sindano aliushika ule mkono. Alijua lile gurudumu shemeji yake alilinunua dukani. Friwili pia alijua. "Asante, baba," alisema. "Lakini hiyo haitakuwa ile baiskeli."

Alitembea mpaka kwa bibi, koni ikiwa kiganjani. Njiani alisimama mara mbili. Mara ya kwanza aliifungua karatasi akaitazama, akafikiria kona ya mwisho ya mlima, na mtu aliyevaa viatu vyeupe vya zamu akichungulia kila baiskeli inayopita. Mara ya pili alifikiria chumba cha mtihani, na mtoto anayeinua macho ukutani kujua amebakiwa na muda gani. Akapiga moyo konde, akaenda.

Karakana ya bibi ilikuwa chumba chembamba chenye saa kila mahali, zote zikigonga kwa pamoja kama mvua ya manyunyu. Baiskeli ilikuwa imepinduliwa sakafuni, imesafishwa, tayari. Bibi aliipima koni, akaitikia kwa kichwa, akaifunga. Alikuwa anabana kidogo, analegeza kidogo, anatikisa, anasikiliza. Mwishowe akaliachia gurudumu. Likazunguka lenyewe taratibu, mdomo wa tyubu ukashuka mpaka chini kwa uzito wake mwenyewe, ukatulia.

"Tazama hilo," Sindano alisema bila kujijua. Hakuwahi kuona gurudumu jepesi kiasi kile.

"Koni nzuri, mwanangu. Na wewe, kesho? Mlima uko tayari?"

"Kesho nitakaa kwenye kona na mume wangu. Tutawapigia wengine makofi."

Mkono wa bibi ulisimama juu ya nati. Alipandisha kioo, akamtazama kwa macho yake mawili.

"Ile sauti," alisema.

"Ndiyo, mama. Ile sauti. Nilichanganya gololi."

"Ya kushoto?"

Sindano aliitupia jicho ile habu. Bibi alichukua spana akaipeleka kwenye nati ili aifungue.

"Hapana," Sindano alisema, akaweka mkono wake juu ya ule mkono uliopinda. "Nilisema ni yako."

"Mwanangu, mimi ninaweza kutembea. Nimetembea kabla hujazaliwa."

"Shule mbili. Ya tatu je?"

Bibi aliinua macho kwenye saa zake. Saa ziliendelea kugonga pande zote. Taratibu aliilegeza mikono yake, akaiachia spana, na Sindano akaichukua, akapiga goti sakafuni, akaikaza ile nati ya mwisho mpaka ikakataa.