Usajili wa Wasio na Safari

Timu ya kikapu ya Bellevue, mtaa wa Johannesburg, ilishika mkia msimu uliopita, na kamati yake ya usajili ilikuwa na sababu za kutosha. Senta alihamia Australia mwezi wa pili. Ndugu wawili waliokuwa wakifunga nusu ya pointi zote waliitwa Marekani katikati ya msimu, wakaaga kwa ujumbe wa simu wakiwa tayari uwanja wa ndege. Klabu nyingine duniani hunyang'anywa wachezaji na matajiri. Bellevue ilinyang'anywa na mafaili. Warefu wake wote walikuwa Warundi, wakimbizi walioomba kuhamishiwa nchi nyingine, na faili la mkimbizi hulala miaka kumi kisha likaamka Jumanne moja bila kumuuliza kocha. Watanzania hawakuwa na mafaili, kwa hiyo walibaki. Tatizo lao walikuwa wafupi, na wengi walikulia kwenye soka.

Ndipo mwenyekiti wa kamati, Vuai, akatunga sheria. Mwenye safari hasajiliwi, na aliyesajiliwa akipata safari anatemwa siku hiyo hiyo. Ili isiwe maneno matupu, mwenyekiti mwenyewe angemhoji kila mchezaji, kisha amwapie mbele ya kamati: "Wallahi, hana safari." Hata Warundi, ambao ni Wakristo, waliukubali utaratibu huo, maana Vuai hakuwa na mzaha na kiapo. Alikuwa fundi makochi, Mzanzibari wa miaka hamsini na mbili, na aliwahi kupoteza mteja kwa kukataa kuapa kwamba kochi ni la ngozi. Kikapu hakuwahi kukicheza hata dakika moja. Hilo halikumzuia kuwa na la kusema.

Sasa, Alhamisi kabla ya kikao cha mwaka huu, aliingia karakanani Salvator. Huyu alikuwa Mrundi wa Bujumbura, miaka thelathini na minane, mpandishaji mpira wa timu na kocha wake kwa wakati mmoja. Pia alikuwa rafiki wa Vuai kwa miaka kumi na minne. Walikutana wakiwa wapangaji wa nyumba moja, chumba kwa chumba, wakigombea bomba la maji, na tangu hapo hawajaachana wala hawajaacha kugombana.

"Vuai, dossier yetu imetoka," alisema. "Kanada. Mimi, Thérèse na watoto."

Vuai aliendelea kupigilia misumari. "Lini?"

"Mwezi wa tisa, tarehe tisa. Nakuomba kitu. Usiwaambie kamati. Mi nataka kucheza mpaka mwisho. Kule nani atanipa mpira? Nitakuwa muzee wa kusukuma theluji tu."

"Haya," alisema Vuai.

Salvator alipokwisha kukata kona ndipo Vuai alipokumbuka kiapo. Alikaa chini juu ya kochi lisilo na kitambaa. Roho ilimuuma kwa mambo mawili, na la kiapo lilikuwa dogo.

Jumapili kamati ikakutana karakanani, kama kawaida, juu ya makochi ya wateja. Naseeb wa Tanga, katibu, alikalia la mteja wa Randburg, akiwa na daftari na rula. Chiku wa Dar es Salaam, ambaye waamuzi wa ligi walimuogopa kuliko kocha yeyote, alijichukulia kochi la watu watatu peke yake. Salvator aliketi ukingoni, kama mtu anayesubiri daktari. Vuai alisimama, akidai anaogopa kuchafua vitambaa.

Kwa kuwa aliyeshika mkia huchagua wa kwanza katika wachezaji wapya, Bellevue ilikuwa na bahati ya kuchagua kabla ya timu zote. Majina yalitakiwa kufika kwa ligi kabla ya saa kumi.

"Gaël," alisema Chiku. "Mita mbili kasoro kidogo, ana miaka kumi na tisa, anaruka kama ameudhiwa. Tumalize tukale."

"Gaël kahojiwa mara ya pili na watu wa wakimbizi," alisema Naseeb.

"Kuhojiwa si safari, kaka."

"Anayehojiwa mara ya pili hupimwa damu. Anayepimwa damu keshaondoka. Mimi nampendekeza Pandu."

Pandu alikuwa na urefu wa sentimita mia na sabini, akivaa viatu.

"Pandu haendi popote," Naseeb aliongeza kwa fahari.

"Hilo tumeliona. Hata mpira ukipita mbele yake haendi."

"Tunajenga timu ya kudumu, dada Chiku."

"Ya kudumu mkiani!"

Walibishana nusu saa. Naseeb alisema senta mfupi mwenye moyo anaweza kumsumbua mrefu. Chiku akamtaka amtaje mmoja. Naseeb akataja mtu wa Tanga ambaye hakuna aliyemjua. Gaël akawa na kura moja, Pandu moja, Salvator akasema atapiga yake baadaye, na mwenyekiti, ambaye sheria ilikuwa yake na jibu lake lilijulikana, alisema kwanza wapitie wachezaji wa zamani wanaobaki.

Naseeb akasoma majina, Vuai akaapa. Wallahi, hana safari. Wallahi, hana safari. Yasini faili lake lilipotea. Steve hata faili hakufungua, anasema foleni ndefu. Kila kiapo Naseeb aliweka alama ya vema, na kila alama ilimsogezea Vuai lile jina moja.

"Salvator," alisema Naseeb. "Huyu hata tusipoteze muda."

"Tumuweke mwisho," alisema Vuai.

"Ndiye wa mwisho, mwenyekiti."

"Faili lake limeoza," alisema Chiku, akimpiga Salvator begani kwa mapenzi. "Miaka kumi na minne! Ndiye tegemeo letu. Huyu tutamzika hapa hapa Joburg."

Vuai alimtazama rafiki yake, kisha akatazama sakafu. Akiapa, anamkosea Mungu. Asipoapa, anamtema mtu ambaye hakumwomba kitu kingine chochote. Alifungua kinywa. "Wallahi," alisema, na hapo akakwama, jasho likimtoka kwenye baridi ya mwezi wa sita.

"Usiape, ndugu yangu," alisema Salvator. Akasimama. "Nina safari. Kanada, tarehe tisa mwezi wa tisa. Nilimwambia Vuai Alhamisi nikamwomba anyamaze. Kosa ni la kwangu."

Chiku alimpa hongera kwa sauti ya kutoa pole.

"Eish," alisema Naseeb. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na rula. Aliiweka juu ya jina, akapiga mstari mmoja ulionyooka.

Salvator aliketi tena, safari hii katikati ya kochi, kwa kuwa hakuwa tena na la kusubiri.

"Aliyetemwa bado ana kura?" aliuliza.

Naseeb alipekua daftari. "Sheria haijasema. Anayo, kama shabiki."

"Bon. Mi nampigia Pandu."

"Wewe!" Chiku aliruka. "Si wewe uliyemleta Gaël? Si wewe uliyesema hujaona mtoto kama yule?"

"Nilisema, na ni kweli. Lakini ataondoka, halafu mwakani mtakaa hapa na sura hizi hizi. Pandu atabaki. Tena anakaa mtaa huu huu, dada Chiku. Mechi ikiisha kule Observatory, atarudi na Vuai. Vuai hapendi kurudi peke yake. Anasema ni magoti. Si magoti."

Vuai aliona aibu, kisha akaona kitu kizito kuliko aibu. Sheria ile hakuitungia timu. Aliitunga kwa hasira ya senta kuondoka bila kuaga, na hasira yenyewe ilikuwa majonzi ya mtu asiyetaka kuachwa tena. Alichukua daftari mkononi mwa Naseeb, akaisoma ile orodha ya waliobaki, jina kwa jina. Watu wazuri, wote wapo. Hakuna hata mmoja aliyemkosesha raha Alhamisi ile.

"Andika Gaël," alisema.

"Na sheria?" aliuliza Naseeb.

"Ifute."

"Yote?"

"Yote. Sheria yangu mwenyewe, nnaifuta mwenyewe."

"Mwenyekiti, mtoto yule huenda tukamwona miezi minne tu!"

"Basi tutamwona miezi minne. Na Salvator mrudishe."

Naseeb aliutazama ule mstari wa rula. Haukuwa na namna ya kufutika, kwa hiyo akaliandika jina upya chini kabisa, baada ya Gaël, kwa mwandiko mzuri zaidi. Chiku alisema jambo hili lingemalizika saa nzima iliyopita kama angesikilizwa, akaenda kutafuta chakula.

Salvator alijikohoza. Macho yalikuwa mekundu, akayasingizia vumbi la sponji.

"Gaël anapokea pasi vibaya akiwa anakimbia," alisema. "Inabidi nimfundishe. Nina kama wiki kumi."

"Kumi na moja," alisema Vuai. Alikuwa amezihesabu tangu Alhamisi.