Msalaba Chini ya Rangi

Kasimiri, mwenyekiti wetu wa kijiji, alinikuta nje ya kanisa, misa ya asubuhi ndiyo imeisha. Ni mdogo kwangu kwa umri, lakini shikamoo hakunipa.

"Mama Coleta, weka saini hapa. Magobore manne ya mgambo yamefika. Mapya."

"Niyaone kwanza."

"Wewe wa darasa la saba unajua nini kuhusu bunduki?"

"Mliniweka kamati ya mapokezi. Siwezi kupokea karatasi."

Wezi wa ng'ombe walikuwa wametutesa, kila kaya ikatoa gunia la mahindi zinunuliwe silaha. Jirani yangu Dominika alitoa hata mbegu.

Ofisini watu walikuwa wamejaa. Magobore yamelazwa mezani, meusi, yananuka rangi. Moja alikwishalishika mkwe wangu Yonas, mume wa Coleta, maana yeye ni mgambo. Anachekelea.

Nikapitisha kidole gumba chini ya mtutu. Kikakwama. Nikaikwangua rangi kwa msalaba wa rozari yangu, na chini yake ukatokea msalaba mwingine, umekatwa kwa tindo. Nikakwangua la pili. La tatu. La nne. Yote.

"Unaharibu mali ya kijiji!" Kasimiri akafoka.

"Marehemu Felisian, mume wangu, alikuwa mhunzi," nikawaambia watu. "Akiletewa gobore lenye ufa, halitengenezi. Analikata msalaba kama wa kaburini, anamrudishia mwenyewe: hili limekufa, usilijaze baruti. Hii ni kazi ya mikono yake. Na yeye tumemzika mwaka wa tisa huu."

"Mjane huyo anatafuta la kusema."

"Haya, lijaze wewe. Lipige hapo nje. Mkono ukibaki, natia saini."

Yonas hachekelei tena. Akamnyooshea lile gobore kwa mikono miwili.

"Chukua, mwenyekiti."

"Mimi bega linaniuma."

"Bega!" Dominika akadakia kutoka mlangoni. "Mbona siku ya kupakia mahindi yetu lilikuwa zima?"

Watu wakaangua kicheko, lakini hakikuwa cha furaha. Kasimiri hakulichukua. Yonas akalirudisha mezani, akajifuta viganja kwenye suruali.

Nikaomba kalamu. Pale pa saini nikaandika: SIJAPOKEA. MISALABA MINNE. Nikaikunja karatasi, nikaitia ndani ya kitabu changu cha sala.

"Nipe hiyo karatasi, mama."

Sasa nimekuwa mama, si 'mjane huyo' tena.

"Njoo uidai Jumapili," nikamwambia, "mbele ya wenye mahindi."