Madoa ya Njano

Usiku wa kuamkia leo niliota, na cha kwanza nilichokiona kilikuwa kitu kidogo tu: chambo cha bandia, cha tatu kutoka mlangoni kwenye waya tunakovitundika, kilipepesa jicho. Sikushtuka. Jicho hilo nilikuwa nimelichora mwenyewe kwa kichwa cha msumari, kwa hiyo nilijua linafanya kazi.

Kazi yetu hapa Musoma ni hii. Kaka yangu Majura anayeyusha risasi ya betri mbovu na kuimimina kwenye kalibu yenye ndoano. Mimi nakipasha chambo moto, nakichovya kwenye mkebe wa rangi ya unga, na kabla hakijapoa nakinyunyizia rangi nyingine kwa brashi: mgongo wa kijani, tumbo jeupe, madoa ya njano. Mwisho tunavioka kwenye oveni ili rangi isibanduke. Wageni wanaovua sangara kwa starehe wanavigombania. Kaka huwaambia kachora yeye. Mikono yake hutetemeka hata akishika kijiko cha chai, lakini wageni hawajali mambo madogo kama hayo.

Na leo asubuhi alikuwa anakuja Mama Nyasinde, mwenye duka la vifaa vya uvuvi Mwanza, kumchukua mchoraji akamfanyie kazi. Kaka alishapiga pasi shati.

Basi kile chambo kikaniambia, "Dada Nyangeta, tushushe. Tunaitwa ofisini."

Nafungua oveni. Ndani kuna benchi, foleni, na sangara mkubwa kama mlango, kavaa tai. Anauliza bila kuinua macho, "Aliyekuchora?"

"Majura," chambo cha kwanza kinajibu, kama tulivyozoea kusema nyumbani.

Madoa yake yote yanadondoka sakafuni kama choroko.

"Jibu lililopoa halishiki rangi," anasema sangara. "Anayefuata."

Cha pili nacho kinasema Majura. Choroko. Mimi naokota madoa na kuyafunga kwenye pindo la kanga. Ndiyo kazi yangu, kuokota.

"Na huyu binti?"

"Huyo haongei na watu," kinasema chambo cha jicho. "Anaongea na sisi tu. Anatupigia stori mpaka tunaiva."

Ndipo wanamleta kaka, ananing'inia kwenye waya kwa kola ya shati.

"Chora," anaambiwa.

Kaka anafanya kile anachofanya kila nikienda sokoni: rangi ya pili hainyunyizii, anachovya. Safari hii anajichovya mwenyewe. Anaingia mkebe wa kijani, anaruka hadi wa nyekundu, anamalizia kwenye wa nyeupe. Mikebe yote mitatu imeharibika, naye anatoka na rangi ya maji ya kuoshea masufuria.

"Hongera, msanii," anasema sangara. "Binti, mrekebishe."

Kaka bado ana moto. Nachukua msumari, nafungua pindo la kanga, namwekea madoa matatu ya njano kwenye ndewe ya sikio la kushoto. Yanakaa vizuri sana.

"Sasa sema nani kachora."

Nafungua mdomo. Inatoka *tsss*, kama risasi iliyoyeyuka inapogusa maji.

"Huyu naye atapoa," anasema sangara, na kugonga muhuri. Nikaamka.

Nilipotoka na chupa ya chai, Mama Nyasinde alikuwa ameshaketi, anageuzageuza chambo kiganjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani fundi wa madoa haya? Wanangu wa dukani wamejaribu mwezi mzima, wanatoa matope."

"Ndiye mimi, mama," akasema kaka. "Ni kipaji tu. Sijui hata kimetoka wapi."

Akanigeukia. "We Nyangeta, sukari iko wapi?"

Hapo ndipo nilipoliona sikio lake la kushoto. Madoa matatu, ya njano, yamepangika. Alikuwa anajikuna, anakwangua kwa ukucha, wala hayabanduki.

Nikaweka chupa chini.

"Kaka, madoa ni yangu," nikasema. "Yote. Hata hayo ya sikioni."